Nani Atayagonga Maji?

Jumamosi ni siku ya vyungu Lyulilo. Mitumbwi inatoka Ikombe mapema, inaambaa chini ya milima ya Livingstone, ndani imesheheni vyungu vilivyotengwa kwa majani makavu visigongane. Akina mama wa Kikisi wanashusha mzigo mchangani, wanapanga vidogo mbele na mitungi nyuma, na kabla jua halijakaa sawa wachuuzi wa Kyela na Tukuyu wameshafika na bei zao za kuudhi.

Anayejua kununua chungu hachagui kwa macho. Anakinyanyua, anakiweka kwenye kiganja, halafu anakigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Kikilia kama kengele, kimeiva. Kikijibu kwa sauti ya kufa, kama ubao, kuna ufa mahali hata kama huuoni. Kipimo hicho hakina gharama, hakihitaji umeme, na jibu lake linakuja palepale mbele ya muuzaji na mnunuzi.

"Gonga kwanza mwanangu, ndiyo unilipe," mama mmoja aliniambia baada ya kuitikia shikamoo yangu. Nikagonga mtungi wake, ukalia vizuri. Kwa utani wa kiandishi wa habari nikamuuliza: na maji yatakayoingia humu, mama, mnayagongaje?

Akacheka. "Maji hayagongwi. Maji unayaangalia tu."

Niliondoka na mtungi na sentensi hiyo. Mtungi umekaa jikoni kwangu mpaka leo. Sentensi ndiyo imenifanya niandike makala haya, kwa sababu mjomba wangu naye alikuwa anayaangalia tu.

*

Mjomba alikuwa mvuvi. Alikuwa akichota maji ya ziwa kwa kiganja akiwa mtumbwini, anakunywa, na akituona tunamshangaa anasema ziwa hili ni safi kuliko bomba la mjini. Ukiliangalia Ziwa Nyasa ukiwa Matema, unamwelewa. Mbali na midomo ya mito, jicho linaweza kupenya zaidi ya mita kumi chini. Samaki wadogo wa rangi wanaonekana wakicheza kati ya mawe kama umewafuga wewe.

Agosti 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam, kikasambaa nchi nzima, na hatimaye kikafika hata huku mwambao wa Nyasa. Mjomba aliugua usiku, na kesho yake jioni tukawa tunatafuta sanda. Sikuandika habari ile. Niliandika habari za mikoa mingine, zenye idadi ya wagonjwa na kauli za viongozi, nikijifanya kwamba mwandishi ni mtu asiye na mjomba.

Siwezi kusema ni maji gani yaliyomuua: ya ziwani, ya kisima cha jirani, au ya ndoo iliyokuwa ndani kwake. Hakuna aliyeyapima yote matatu. Hapo ndipo makala haya yanapoanza kuwa ya historia, maana swali la mjomba lilishaulizwa London mwaka 1854.

Mwaka huo daktari John Snow alikuwa akifuatilia vifo vya kipindupindu vilivyozunguka pampu moja ya mtaa wa Broad. Watu wanaikumbuka hadithi ya mpini wa pampu ile, ulivyoondolewa mwezi Septemba. Kinachosahaulika ni kwamba maji yenyewe hayakuwa na dalili ya ubaya ambayo mtu angeiona. Kulikuwa na mjane aliyehamia Hampstead, mbali kabisa na mtaa ule, lakini akawa anaagiza chupa ya maji ya Broad aletewe kwa sababu aliyapenda kwa ladha yake. Alikunywa, akafa. Kifo chake kilimsaidia Snow kuliko vifo vingi vya jirani na pampu, kwa kuwa kule Hampstead hapakuwa na kipindupindu cha kusingizia hewa.

Snow hakuwa na kipimo cha kumwonyesha mdudu. Alichokuwa nacho ni orodha ya waliokufa na mahali walipochota. Yaani kipimo chake kilikuwa miili ya watu. Na tukisema kweli, kwa vijiji vingi vya kwetu bado ndicho kipimo kinachotumika: tunajua maji ni mabaya pale zahanati inapojaa.

*

Si kwamba ziwa letu halijapimwa. Limepimwa sana. Swali ni lilipimwa kwa ajili ya nani.

Wajerumani walishusha meli yao ya mvuke, Hermann von Wissmann, katika ziwa hili mwaka 1893, na kituo chao cha Langenburg kilikuwa mwambao huuhuu wa kaskazini mashariki kabla makao hayajapandishwa mlimani Tukuyu. Wamisionari wa Berlin walikuwa wameshaingia Unyakyusa tangu 1891. Karibu na mwaka 1900 daktari Friedrich Fülleborn alipita huku akikusanya kila kitu, hata viumbe vidogo vya majini ambavyo jicho halivioni, na mwaka 1906 kitabu chake kinene juu ya nchi ya Nyasa na Ruvuma kikatoka. Upande wa pili, Mwingereza Rhoades alizunguka ziwa akipima kina ili meli zisikwame. Agosti 1914 Rhoades huyohuyo ndiye aliyeishambulia Hermann von Wissmann pale Sphinxhaven, ambayo sisi tunaiita Liuli. Kapteni wa Kijerumani, rafiki yake wa siku zote, alikuwa hajapata habari kwamba vita vimeanza.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 akaja mtaalamu wa maji, Beauchamp. Alipochunguza maji ya kina kirefu alikuta jambo la ajabu: chini ya mita 200 hivi oksijeni inaisha kabisa. Ziwa lenye kina cha takriban mita 700 lina uhai kwenye ngozi yake ya juu tu. Sehemu kubwa iliyobaki ni maji mazito, baridi, yasiyochanganyika kirahisi na ya juu. Kwa wavuvi na wanasayansi huu ulikuwa ugunduzi mkubwa. Lakini mama wa Ikombe anayechota maji ya kunywa ukingoni hakuambiwa chochote kuhusu ukingo wake.

Kati ya vipimo vyote vya enzi hiyo, ninachokipenda ni cha bei ndogo kuliko vyote: ubao wenye namba, uliosimamishwa majini, unaosomwa na mtu anayelipwa kuusoma. Kumbukumbu za kina cha Ziwa Nyasa zinaanzia mwaka 1896. Kwa sababu ya ubao na daftari la aina hiyo, leo tunajua kwamba kati ya 1915 na 1935 mto Shire, mlango pekee wa kutokea maji ya ziwa hili, ulikaribia kuwa mto wa jina tu, maana ziwa lilikuwa limeshuka na mchanga na matete vikaufunga mlango. Mashine ya kifahari isingeweza kutuambia hilo kama ingefanya kazi miaka miwili ikaharibika. Ubao uliweza, kwa kuwa kila siku palikuwa na mtu.

Ndugu yake ubao huo ni sahani ya Secchi. Aprili 1865 padri Angelo Secchi, mnajimu wa Roma, alipanda meli ya Papa katika bahari ya Mediterania na kushusha sahani nyeupe kwa kamba. Inapopotea machoni, unapima urefu wa kamba. Basi. Miaka zaidi ya 150 imepita na watafiti wa maziwa bado wanabeba sahani hiyo kwenye boti. Mtoto wa darasa la tano pale Matema anaweza kuitengeneza kwa mfuniko wa ndoo, na angeona mwenyewe jinsi mto Lufilyo unavyolichafua ziwa kwa udongo wakati wa masika, tena Kyela ambako mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka.

Ila sahani haimwoni mdudu wa kipindupindu. Kwa mdudu inabidi twende India.

*

Mwaka 1982 watafiti watatu wa Kihindi, Manja, Maurya na Rao, walichapisha katika jarida la Shirika la Afya Duniani kipimo ambacho ningekisimulia hata kwenye kijiwe cha kahawa. Unachukua kichupa, ndani unaweka karatasi iliyolowekwa dawa ikakaushwa. Unajaza maji unayoyashuku, unafunga, unaacha mahali penye joto usiku kucha. Kama maji yana bakteria wa aina inayoishi tumboni mwa binadamu na wanyama, bakteria hao hutoa gesi ile inayonuka yai viza. Gesi inakutana na chuma kilichomo kwenye karatasi na kichupa kizima kinageuka cheusi. Asubuhi huhitaji mtaalamu. Cheusi, usinywe bila kuchemsha.

Maabara hufanya kazi hii kwa kuchuja mililita 100 za maji, kuotesha bakteria kwenye sahani ndani ya kabati la joto maalumu, na kuhesabu madoa mojamoja. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba bakteria wa E. koli wasipatikane hata mmoja katika mililita hizo 100. Maabara inakupa hesabu. Kichupa kinakupa ndiyo au hapana, na mara nyingine kinadanganywa na bakteria wasio wa kinyesi. Sitaki kukitukuza kupita kiasi. Lakini kabati la joto linahitaji umeme usiokatika, na sampuli lazima ifike ikiwa ya baridi, ndani ya saa chache. Toka Ikombe, kwa mtumbwi, halafu kwa bodaboda mpaka barabara kubwa, saa chache ndizo hizo zimeshaisha. Kichupa chenyewe kinapenda joto, na joto Kyela hatununui.

Tena kichupa kina faida nyingine: kinaweza kupimia popote. Tafiti nyingi duniani zimeonyesha kwamba maji hutoka bombani yakiwa mazuri na kuharibikia nyumbani, kwenye ndoo, kwa kata na mikono inayozama ndani. Mtungi wa shingo nyembamba unapunguza balaa hilo. Yule mama wa Kikisi huenda amekuwa akiuza kinga ya maradhi miaka yote bila kuandikiwa hata mstari mmoja.

*

Hewa nayo ina historia yake ya kuangaliwa kwa macho, na sura yake ya kwanza kwa ziwa hili ni kichekesho. Livingstone alipokuwa ziwani mwaka 1861 aliona mawingu meusi yamesimama juu ya maji, akadhani ni moshi wa nyasi zinazoungua maili nyingi. Hayakuwa moshi. Walikuwa kungu, wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kwa mabilioni, ambao watu wa mwambao huwakamata, huwaponda na kuwala. Mzungu aliona uchafu, wenyeji waliona mboga.

Huko Ulaya moshi ulikuwa moshi kweli. Mwaka 1888 profesa wa Kifaransa, Maximilien Ringelmann, alichora kadi zenye mistari myeusi ya unene tofauti. Unazitundika mbali kidogo mpaka mistari ionekane kama kijivu kitupu, unaangalia moshi wa bomba la kiwanda, unalinganisha: namba moja, namba mbili, mpaka tano. Karani wa manispaa asiye na kemia hata kidogo aliweza kumwandikia tajiri faini. Kadi hiyo ilitumika miaka na miaka.

Lakini karani haoni kile kinachoua zaidi. Desemba 1952 ukungu wa moshi uliifunika London kwa siku tano, na hesabu ya kwanza ya serikali ilikuwa watu 4,000 waliokufa zaidi ya kawaida. Sheria ya hewa safi ikatungwa mwaka 1956. Tangu hapo sayansi imezidi kushuka kwenye chembechembe ndogo, zile zinazoitwa PM2.5, ndogo kiasi kwamba zinapita pua na koo na kuingia ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikata kiwango chake kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo, wastani wa mwaka.

Kiwango ni rahisi kukitangaza. Kukipima ndiyo shughuli. Mashine rasmi moja inagharimu makumi ya maelfu ya dola, achilia mbali chumba chake chenye kipoza hewa na fundi wake. Ndiyo maana miji yetu mingi haikuwa na namba yoyote ya hewa yake. Mwaka 2015 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa pale Nairobi lilionyesha kifaa cha dola 1,500 hivi, likisema serikali zinaweza kujenga mtandao mzima kwa bei iliyokuwa ikitosha kituo kimoja. Mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Makerere, kundi la Engineer Bainomugisha lilianzisha AirQo. Waliamua kutengeneza vifaa Kampala kwenyewe, vya kustahimili vumbi, joto na umeme wa kukatikakatika, vikituma namba kwa mtandao wa simu. Vingine walivifunga kwenye nguzo na kuta, vingine juu ya bodaboda. Jiji la Kampala likaanza kuona mitaa yake, siyo wastani wa jiji zima.

Vifaa hivi hurusha mwanga na kuhesabu unavyotawanywa na chembe. Udhaifu wake ni kwamba tone la ukungu nalo hutawanya mwanga, kwa hiyo penye unyevu mwingi kifaa kinaweza kuuita mvuke moshi, kosa la Livingstone kinyumenyume. Wajuzi wanakiweka kwanza kando ya mashine kubwa, wanaona kinakosea kiasi gani, wanakisahihisha. Vifaa mia vya bei ndogo bado vinahitaji kimoja cha bei kubwa cha kuvifundisha ukweli. Nani akakae na hicho kikubwa, na nani avitembelee vile mia kufuta vumbi? Serikali ya mji. Hakuna mwingine.

*

Unaweza kusema: hewa ni shida ya Kampala na Dar, Lyulilo ina upepo wa ziwa. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka niliposoma utafiti uliofanywa miaka ya 1990 na mradi wa pamoja wa nchi za ziwa hili, kituo chake kikiwa Senga Bay, Malawi. Waliokuwa wakipima maji walipima pia kinachodondoka kutoka angani. Wakakuta kwamba sehemu kubwa ya fosforasi inayoingia Ziwa Nyasa haipiti mtoni. Inanyesha. Inatoka kwenye vumbi na moshi wa nyasi na mashamba yanayochomwa kila kiangazi. Fosforasi ni mbolea, na mbolea ikizidi ziwani inalisha mwani.

Kwa hiyo moto tunaouwasha mlimani kusafisha shamba unaishia kwenye maji aliyokuwa akichota mjomba. Sheria zetu zina kanuni za ubora wa hewa na kanuni za ubora wa maji, zote za mwaka 2007, chini ya sheria mama ya mazingira ya 2004. Usimamizi wa vyanzo vya maji una sheria yake ya 2009, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa makao yake ni Tukuyu, mji uleule Wajerumani walioukimbilia. Maji ya vijijini yamekuwa mikononi mwa RUWASA tangu 2019. Kwenye karatasi hatuna upungufu.

Upungufu niliuona kwa shangazi. Miaka michache baada ya msiba, walikuja watu wenye boksi la barafu, wakachota maji kisimani kwake, wakaandika jina lake na namba ya simu, wakaaga kwa heshima. Sitaitaja ofisi yao, na sidhani walikuwa watu wabaya. Majibu hayakurudi. Shangazi aliendelea kuyatumia yale maji huku akisema, "Yangekuwa mabaya si wangesema?"

Nimelifikiria sana hilo. Kimya cha ofisi kiligeuka kuwa cheti cha usalama. Sampuli ile ilichotwa, ikasafirishwa, pengine ikapimwa vizuri kwa mashine ya gharama, lakini kwa shangazi ilikuwa na madhara kuliko kama wasingekuja kabisa.

Ndiyo maana ninapowasikia watu wakibishana kifaa kipi ni cha bei nafuu, mimi natazama tarehe ya jibu. Ubao wa 1896, kadi ya Ringelmann, kichupa cha Wahindi, kisanduku cha Makerere: vyote vilifanya kazi pale tu palipokuwa na mtu mmoja wa kusoma kila siku na mahali pa kuandika ambapo wengine wanapaona. Halmashauri inayotaka kuanza haihitaji kusubiri mfadhili. Ianze na vichupa gulioni Lyulilo, Jumamosi kwa Jumamosi, kimoja cha ziwa, kimoja cha bomba, kimoja cha kisima, viwekwe juu ya meza karibu na vyungu. Vile vyeusi vipelekwe maabara. Jibu liandikwe kwa chaki.

Mara ya mwisho nilipokwenda nilibeba vichupa vitatu, nilivyopewa na rafiki anayefanya kazi maabara. Ijumaa jioni nilichota maji ya ziwa, ya bomba, na ya kisima cha shangazi, nikavifunga kwenye kitenge na kuvilaza karibu na jiko. Asubuhi cha bomba kilikuwa cheupe kama kilivyolala. Viwili vilikuwa vyeusi.

Shangazi alikishika cha kisima chake, akakigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha kwa muda mrefu. Hakulia wala hakugomba. Aliuliza tu kama kichupa kama hicho kilikuwepo mwaka ule. Nikamwambia kilikuwepo, shangazi, kilikuwepo tangu kabla mimi sijazaliwa.

Akakiweka chini, akatia kuni jikoni, akabandika sufuria la maji.